Bakuli la Mgeni

Blanketi likifunikwa juu ya sufuria yenye moto hutoa harufu yake ya pekee. Si harufu ya chakula hasa, wala si ya blanketi; ni mvuke, moshi wa zamani na jasho la watu waliowahi kulilalia. Mwezi uliopita gesi iliniishia nyumbani kwangu Homa Bay, maharagwe yakiwa hayajaiva vizuri, na duka la gesi lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwenda mazishini. Nikaiondoa sufuria kwenye jiko, nikaizungushia blanketi, nikaitia kwenye beseni kubwa na kuibana kwa mito. Jioni nilipoifunua, ile harufu ilinipiga usoni. Nilibaki nimesimama na mfuniko mkononi, mtoto wa miaka tisa tena, kwa nyanya yangu Dani, kule Uriri, siku ya Sabato.

Mama alikuwa sebuleni. Alikuwa amekuja kutoka Sindo kunikagua, kama anavyopenda kusema, na aliposikia kimya cha jikoni akaita, "Akoth! Umeungua?"

Nikamwambia sijaungua. Lakini nilikuwa nimeguswa mahali, na yale niliyomsimulia mezani jioni ile ndiyo ninayotaka kuwasimulia ninyi. Nilianza kuyasimulia nikidhani ni ya kuchekesha.

Baba alifariki nikiwa na miaka saba. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, wakasema mama arithiwe na baba mkubwa, kaka yake marehemu, kama desturi ilivyotaka. Mama akakataa. Baba mkubwa akasimama na kutangaza kwamba mwanamke anayekataa mila ya boma hana nafasi ndani ya boma. Dani, mama mzazi wa baba, alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake akimenya njugu. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, na kanisa lake halikutaka kusikia habari za kurithi wajane. Mama akamgeukia, akitegemea neno moja tu. Dani akaendelea kumenya njugu. Mpaka leo naisikia sauti ya maganda yakiangukia ungo.

Siku chache baadaye mama alikwenda Sindo, ziwani, kwa rafiki yake aliyefanya biashara ya omena, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani. Mimi nikabaki. Huko alikokwenda hapakuwa na mahali pa kunilaza, na isitoshe, mtoto ni wa boma la baba yake. Langoni alinishika kidevu, Dani akiwa amesimama nyuma yangu.

"Nitakuja Sabato moja, Akoth. We ngoja tu."

Hakusema Sabato gani. Nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani ziko chache.

Sijui niwaelezeje Dani mkamwona. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyokwisha kusahau kuungua, na maneno aliyatoa kidogo kidogo kama mtu anayekuazima chumvi. Kiswahili alikiongea sokoni tu. Nyumbani ilikuwa Kijaluo, na haya ninayoyaandika nimeyageuza mwenyewe. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Tulilala kitanda kimoja, na kila usiku alinigeuzia mgongo. Mgongo wake ulikuwa na joto, hilo nalikiri, na joto hilo lilinifikia kupitia shuka na kunipeleka usingizini. Lakini mtoto hahesabu joto la mgongo. Anahesabu uso, na uso wa Dani ulikuwa unatazama ukuta.

Na njugu! Kwa Dani njugu ziliingia kila mahali. Mboga za kienyeji zilitiwa njugu zilizopondwa, maharagwe yalitiwa njugu, uji ulitiwa unga wa njugu, na sina hakika sana hata kuhusu chai. Alizilima, alizikaanga, alizisaga. Nguo zangu za shule zilinukia njugu, na watoto wenzangu walinipa jina ambalo sitawaambia.

Sasa basi, Ijumaa. Wako Wasabato wanaopasha chakula siku ya Sabato, na Mungu hajawafanya kitu. Dani hakuwa miongoni mwao. Kwake yeye jua likizama Ijumaa, na moto nao ulizama, mpaka jua lizame tena Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku ya kukimbizana na jua. Maji ya kuoga, nguo za kupiga pasi, viatu, kuni za Jumapili, yote yalipaswa kumalizika, na chakula cha siku nzima kiive, kisha kihifadhiwe moto wake bila moto.

Kazi hiyo ilifanywa na kikapu kikubwa kilichokaa kwenye pembe ya jiko. Ndani kilipangwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, kisha blanketi la marehemu babu, na katikati likaachwa shimo la kuitosha sufuria. Maharagwe yakitokota vizuri, Dani aliiinua sufuria kwa mikono mitupu, akaitumbukiza shimoni, akalikunja blanketi juu yake na kulikandamiza kwa gunia lililojaa majani. Nilimwuliza majani yanafanya nini.

"Yanafunga hewa," alisema. "Hewa ni kama kuku. Ukiifungulia inazurura, na kila ikitoka inaondoka na kitu mdomoni. Ifungie kwenye majani, itatulia."

Kabla ya hapo nilipenda kuchutama na kutazama sufuria ikichemka. Maji ya chini yaliyopata moto yalipanda katikati yakiyabeba maharagwe, yakafika juu, yakazunguka kidogo, kisha yakateremka pembeni, na mengine yakapanda kuchukua zamu. Hakuna haragwe lililosahauliwa. Kila moja lilipata nafasi yake ya kwenda karibu na moto na kurudi. Niliyaonea wivu, na mkicheka, chekeni.

Kulikuwa pia na kikapu kidogo, na hicho ndicho chenye kisa. Dani alikuwa na jiwe laini, lile la kuchongea vinyago linalotoka upande wa Kisii, ambalo alilizika kwenye makaa tangu mchana. Jiwe hilo likishiba moto alilitoa kwa koleo, akalifunga kitambaa kizito na kuliweka chini kabisa ya kikapu kidogo. Juu yake akakalisha bakuli la bluu lenye mfuniko, lililobanduka rangi ukingoni. Bakuli hilo lilipakuliwa kabla ya yote. Maharagwe yakishaiva, na kabla njugu hazijatiwa, Dani alichota upawa mmoja na nusu akautia bakulini. Ndipo akamimina njugu kwenye sufuria na kukoroga.

"Mar wendo," alisema kila Ijumaa. Ya mgeni.

Nikajiambia kwamba Dani ni mchoyo. Wengine husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni wetu hata njugu alinyimwa.

Ushahidi wa pili nilioupata ulinichanganya zaidi. Sabato moja mzee wa kanisa alikuja kula kwetu pamoja na mkewe. Nilifurahi kama mwenye harusi. Kabla hawajakaa vizuri nilishakimbia jikoni, nikakiburuta kikapu kidogo na kushika mfuniko. Dani akatokea mlangoni.

"Hiyo wacha," akasema kwa sauti ya chini. "Wapakulie kwa sufuria."

"Lakini Dani, si hawa ni wageni?"

"Hawa wamekuja kula," akasema. "Pakua."

Basi mzee wa kanisa na mkewe wakala maharagwe yenye njugu, wakasifu, wakaomba nyongeza. Nilikaa pembeni nikijiuliza kama mzee wa kanisa si mgeni, mgeni ni nani basi, Musa?

Mimi mwenyewe nilikuwa na mgeni wangu wa kumngoja. Kila Sabato baada ya kanisa na chakula cha mchana ulikuja ule mchana mrefu usiokwisha. Kucheza mpira wa matambara ilikuwa dhambi, kwenda mtoni ilikuwa dhambi, kulala ruhusa. Dani alikaa kwenye benchi nje ya mlango, ameelekea langoni, nami nikakaa mwisho wa pili wa benchi, nimeelekea langoni. Upepo ulipita kwenye miwa ya jirani na kila ulipoitikisa nilidhani ni gauni la mtu. Hatukuzungumza. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kuzungumza na vitu kwa viganja.

Nilikwenda nikigusa. Mlango wa bati wa choo ulichoma. Mlango wa mbao wa nyumba, uliokuwa kwenye jua lile lile, ulivumilika. Jiwe la kufulia lilikuwa na moto juu na ubaridi chini. Ardhi ya kivulini ilikuwa na ubaridi mtamu, lakini ukilala juu yake kwa muda ubaridi unaisha, na ukiinuka unaacha mahali pako pana joto. Nilipenda kujaribu hilo. Nililala, nikainuka, nikarudisha kiganja pale nilipokuwa nimelala, nikaona kwamba nilikuwepo.

Siku nyingine ya wiki niliacha kijiko cha bati ndani ya uji unaochemka, nikakishika mwisho kabisa, mbali na moto, na kikaniunguza vidole. Mwiko wa mbao uliokuwa ndani ya uji huo huo ulikuwa haujui lolote. Dani alinitia vidole kwenye maji, na ndipo alipotoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kwake.

"Chuma ni msengenyaji," alisema. "Ukimwambia neno mguuni, kichwa kimeshajua. Mbao inasikia, inanyamaza. Pika na mbao, Akoth. Na ukitaka kuishi na watu, kuwa mbao."

Niliwatazama mbao wawili tulioishi nyumba ile na kuona kwamba ushauri ulikuwa umeshafuatwa vya kutosha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchungulia. Jumamosi jua likianza kuinama, nilikuwa na hofu kwamba chakula cha mgeni kimepoa, na kwa sababu nisizoweza kuzieleza hofu hiyo ilishikana na hofu ya mama kutokuja. Nilijiambia kwamba bakuli likiwa na moto, bado kuna nafasi. Basi niliingia jikoni kwa kunyata, nikapekua majani, nikainua mfuniko kidogo, nikasikia mvuke puani, nikafunika. Baada ya muda nikarudi. Dani alinikamata mkono ukiwa ndani ya kikapu.

"Kila ukichungulia," akasema, "unakula moto wa mtu."

Hakunipiga. Alinitoa mkono, akayapanga majani upya jani kwa jani, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Nikashangaa mtu huyu anajali moto wa mgeni asiye na jina kuliko anavyonijali mimi.

Jua likizama tuliimba wimbo mmoja, tukaomba, na Sabato ikaisha. Ndipo Dani alipoingia jikoni, akakifungua kikapu kidogo na kulitoa bakuli la bluu.

"Mgeni hakuja," alisema. "Kula wewe."

Nami nikala. Maharagwe ya juu yalikuwa vuguvugu, lakini ukichimba mpaka chini, palipogusana na jiwe, ulikutana na moto. Nilijifunza kuanza na ya juu na kuacha ya chini mwisho. Dani alikaa karibu na moto mpya aliokuwa akiuwasha, akinisikiliza nikikwangua bakuli, na hakuniangalia. Baba mkubwa aliwahi kupita wakati huo akanikuta nikitazama lango. Akasema, kwa kumpasha Dani, "Lisilo machoni na moyoni halipo. Mama yake ameshasahau." Dani akapuliza makaa, majivu yakaruka yakamwingia baba mkubwa machoni, akaondoka akiyasugua.

Mwaka wa mwisho niliokaa kule tulipata mwalimu wa sayansi, kijana mwenye mashati ya mikono mirefu, na alipofika kwenye mada ya joto niliinua mkono kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Aliuliza kwa nini kijiko cha bati huunguza na mwiko hauunguzi. Nikasema, "Mwalimu, chuma ni msengenyaji." Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akalazimika kugeukia ubao. Halafu akasema si vibaya, si vibaya hata kidogo, akaeleza jinsi joto linavyopitishwa ndani ya kitu kigumu, chembe kwa chembe, na jinsi maji na hewa vinavyolibeba vyenyewe vikisafiri. Hayo nilikuwa nayajua kwa vidole na kwa macho.

La tatu sikulijua. Mwalimu alisema kati yetu na jua hakuna kitu. Si hewa, si maji, si vumbi la kutosha kujaza kijiko. Patupu, na mbali kuliko tunavyoweza kufikiri. Na bado, akasema, toka nje uone kama joto halijafika.

Nilitoka na nikaona. Nilisimama uwanjani wenzangu wakikimbia, jua likinipiga shingoni, nikafikiri kwamba jua hili hili ndilo linalokausha omena za mama kule Sindo. Kati yangu na yeye kulikuwa na miwa, na Rongo, na Homa Bay, na milima, na maneno ya baba mkubwa. Vitu vingi mno. Laiti kungekuwa hakuna kitu, nilifikiri, labda angenifikia.

Mwalimu alisema jambo jingine ambalo nilimpelekea Dani mbio mbio. Alisema baridi haipo. Haiingii nyumbani wala mwilini. Kuna joto tu, na joto hutoka. Dani alikuwa akichambua mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mwalimu wako aje alale hapa mwezi wa saba bila blanketi," alisema, "halafu asubuhi aniambie kama hakuna kilichoingia."

Katika hilo Dani alikosea na mwalimu alikuwa sahihi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwetu sisi wawili: hakuna aliyekuwa akiingia katika boma lile kutuumiza. Waliotupenda walikuwa wametoka, basi, na palipobaki tukapaita baridi.

Mama alikuja Jumanne.

Baada ya Sabato zote zile, alikuja Jumanne, wakati wa likizo, asubuhi jua likiwa limepanda, amepakiwa kwenye pikipiki. Alisimama nje ya lango kwa sababu ya maneno ya baba mkubwa, na hakuingia hata hatua. Alikuwa mweusi kuliko nilivyomkumbuka, mwembamba, ananukia samaki na jua. Nilimkimbilia, na nilipomfikia nikaona haya, nikamshika kidole.

Dani alitoka jikoni akipangusa mikono. Walisalimiana kama wakwe, kila mmoja akitazama ardhi. Mama akasema amepata chumba, na shule, na amekuja kunichukua. Dani akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Ngoja," akarudi jikoni. Nikamfuata, maana gauni langu la pili lilikuwa limeanikwa juu ya kuni.

Sufuria ilikuwa motoni inatokota. Dani akainua mfuniko, akatazama ndani. Yalikuwa maharagwe ya katikati ya wiki, yameshatiwa njugu na kukorogwa. Akatazama juu, kwenye msumari ambapo kikapu kidogo kilikuwa kimetundikwa, kitupu. Akasimama hivyo, mfuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni, kwa muda mrefu hata nikadhani amesahau kwamba kuna watu. Halafu akafunika sufuria taratibu, akatoka nje.

"Hakuna chakula," alimwambia mama.

Mama aliutazama moshi uliokuwa ukitoka kwenye paa la jiko. Akautazama kwa makusudi, ili aonekane anautazama. "Sawa, Mama," akasema. Nikapandishwa pikipiki katikati ya dereva na yeye, na safari nzima tumbo lake lilikuwa limegusana na mgongo wangu. Joto lake lilinipita mwilini mpaka nikalia. Lilikuwa joto la mtu aliyegeukia upande wangu.

Neno lile halikumtoka mama tena. "Sufuria inatokota, ananiambia hakuna chakula." Alilisema Sindo, akilisema kwa marafiki zake wakigeuza omena kwenye nyavu, na kila mmoja aliguna kwa wakati wake. Mkwe anaweza kukununia, anaweza kukusema, lakini kukunyima chakula ukiwa mlangoni ni kukufuta kabisa. Alilisema kwa miaka. Likizo chache alizoniruhusu kwenda kumtembelea Dani, yeye hakwenda. Mara ya mwisho nilikuta kuku ameatamia mayai ndani ya kikapu kidogo, na Dani, aliyekwisha kuinama mgongo, alinizuia nisimsumbue. Alipofariki, mama alikuja mazishini kwa heshima ya marehemu mumewe. Alikaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya kupakuliwa.

Kati ya hayo yote, jioni ile ya gesi nilimchagulia mama ya kuchekesha. Nilimsimulia kuku na hewa. Nilimsimulia chuma msengenyaji, na mzee wa kanisa aliyenyimwa bakuli la mgeni, na mama akacheka mpaka akaishika meza.

"Na uchoyo wenyewe sasa, Mama," nikaendelea, "bakuli lenyewe halikuwa hata na njugu. Nyumba nzima njugu, mpaka kwenye uji, lakini ya mgeni alipakua kwanza ndipo akatia njugu. Kila Ijumaa. Sijui mgeni alikuwa amemkosea nini."

Mama aliacha kucheka.

"Halikuwa na njugu?"

"Hata moja."

Mama yangu hali njugu. Hilo nimelijua tangu Sindo. Hazikuwahi kuingia kwenye nyumba yetu, na sikuwahi kuuliza, kama vile mtu asivyouliza kwa nini mama yake ni mfupi. Na bakuli lisilo na njugu nalo nililijua tangu Uriri. Mambo mawili niliyoishi nayo miaka yote, kila moja kwenye kijiji chake, na sikuwahi kuyakutanisha.

"Nilipoolewa," mama akasema polepole, "mboga ya kwanza aliyonipikia ilikuwa na njugu. Nikavimba midomo, koo likaniziba. Babako alidhani ni mzaha, akacheka. Yeye hakucheka. Alinibeba mgongoni mpaka kwa daktari, Akoth. Mwanamke mzima, alinibeba." Akashika kijiko chake. "Nilidhani alishasahau."

Ndipo nikamwambia kuhusu Jumanne. Nilimwambia kilichokuwa ndani ya sufuria, jambo ambalo yeye, aliyesimama nje ya lango, hakuwa na njia ya kulijua. Nilimwambia Dani alivyosimama na mfuniko, alivyokitazama kikapu kitupu. Alikuwa amemtayarishia kila Sabato, kwa sababu yeye naye alikuwa amesikia langoni kwamba atakuja Sabato moja. Na mgeni akaja siku ambayo hakuna chakula nyumbani ambacho angeweza kukila akabaki hai. "Hakuna chakula," alisema, na lilikuwa kweli tupu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kile cha Dani kilichukua muda wote huu kusikika. Nimejiuliza kwa nini hakuongeza maneno mawili tu, kwa nini hakufungua mdomo siku ya wazee. Labda aliogopa mwanawe mkubwa. Labda alikuwa mbao kwa muda mrefu mno. Ninachokijua ni kwamba kwenye benchi lile, mchana wote ule, tulikuwa watu wawili tunaomngoja mtu mmoja, na nilidhani niko peke yangu. Na kila jioni aliponipa bakuli lile nilidhani ananilisha mabaki ya mgeni, kumbe alikuwa akinipa cha mama yangu, kikiwa kimelindwa moto wake tangu jana.

Mama alikuwa ameshika kijiko, hakuwa akila. Maharagwe yalikuwa yamepoa kwenye sahani zetu.

"Kila Ijumaa?" akauliza.

"Kila Ijumaa, Mama."

Alikaa akitazama mlango wa jikoni, pale beseni lilipokuwa, na blanketi langu likiwa limekunjuka sakafuni.

"Na wewe ukikifungua jioni," akasema, "kilikuwa bado na moto?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikaona afadhali nimpe la kweli.

"Juu kilikuwa kimeanza kupoa," nikamwambia. "Chini, karibu na jiwe, kilikuwa bado moto."